Waliokataa Kutenganisha Watu: Upendo wa Kikristo katika Vilima vya Masisi

Uadui unaowakabili Wakristo wa Masisi na Walikale, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, una sura yake ya pekee. Mara chache mtu huulizwa kama anamwamini Kristo. Wengi wa wanaobeba bunduki katika vilima vile walibatizwa, waliimba katika kwaya, na wapo wanaokwenda vitani rozari ikiwa shingoni. Swali linaloulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, katika kikao cha usiku, na mara nyingine mbele ya mlango wa kanisa, ni jingine: huyu ni wa nani? Ni Muhunde, Munyanga, Muhutu au Mututsi? Anayekataa kujibu, au anayemficha mtu ambaye jibu lingemwua, huanza kuhesabiwa kuwa adui na watu wa pande zote, wakiwemo wa kabila lake mwenyewe. Hapo ndipo chuki hukutana na Mkristo wa Masisi, na hapo ndipo upendo wake huonekana au hukosekana.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, amri ya kupendana na onyo la kuchukiwa na ulimwengu zimewekwa mahali pamoja, katika maneno ya usiku mmoja. Yesu anawaagiza wanafunzi wapendane, kisha papo hapo anawaambia wasishangae wakichukiwa, kwa kuwa yeye alichukiwa kwanza. Mambo hayo mawili yanashikana. Jamii inayoishi kwa kisasi humwona mtu asiyelipiza kuwa msaliti, maana kukataa kwake kunaonyesha kwamba kisasi si lazima. Wakristo wa karne za mwanzo waliyajua hayo. Tauni ilipoikumba Karthago katikati ya karne ya 3, Askofu Sipriani aliwahimiza waumini watende mema hata kwa watu waliokuwa wakiwatesa, na mwaka 258 yeye mwenyewe akakatwa kichwa. Miaka mia moja baadaye, Kaisari Juliani, aliyetaka kurudisha ibada ya miungu ya kale, alilalamika katika barua kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, waliwalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Alichukizwa nao, na bado alitaka makuhani wake wawaige.

Vijiji vya Masisi viko katika nchi ya milima ya kijani, yenye malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharage, mahindi na viazi, na udongo ambao kila mtu anautaka. Mgogoro wa Masisi unaanzia kwenye udongo huo. Tangu 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda na kuwaleta Masisi, ili wafanye kazi katika mashamba makubwa na kupunguza msongamano nchini Rwanda. Wahunde, ambao mababu zao waliitawala ardhi hiyo chini ya wami wao, yaani machifu wa jadi, walijikuta wachache katika sehemu nyingi za nchi yao. Baada ya uhuru, sheria ya 1972 iliwapa uraia wahamiaji wa zamani, na sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Mtu angeweza kuzaliwa Masisi, kulima Masisi na kuzika wazazi wake Masisi, kisha akaambiwa si raia. Jirani yake Muhunde naye angeweza kuona kilima cha babu yake kimekuwa mali ya mwenye ng'ombe mia tatu aliye na hati kutoka Kinshasa. Malalamiko ya pande zote mbili yalikuwa na msingi. Kosa kubwa la viongozi wa kisiasa wa miaka ile lilikuwa kuyageuza malalamiko ya ardhi kuwa hukumu juu ya damu ya watu.

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya Jumamosi, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale. Siku iliyofuata, Jumapili, washambuliaji walifika Buoye, kijiji cha jirani, na waliouawa huko walikuwa waumini waliotoka kusali katika kanisa la Kikatoliki na la Kiprotestanti. Vita vikapanda hadi Masisi na kuenea vilima vyote. Wapiganaji wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wanyarwanda, na Wanyarwanda wakaunda vikundi vyao wakalipiza. Katika miezi michache maelfu ya watu walikufa na zaidi ya 200,000 walikimbia makwao. Jambo linalouma zaidi kwa makanisa ni kwamba wauaji na waliouawa walikuwa wamepokea sakramenti zilezile. Masisi haikuwa nchi ya wapagani walioshambulia Wakristo. Ilikuwa nchi ya wabatizwa waliokumbushwa kabila lao, wakasahau ubatizo wao katika juma moja.

Ukweli huo haupaswi kupunguzwa makali, maana bila huo habari za waliosimama imara hazieleweki. Yapo makanisa yaliyopasuka kwa kabila, yapo mashauri ya uongozi wa kanisa yaliyoamuliwa kwa lugha ya mama ya mgombea, na wapo wachungaji waliobariki silaha. Parokia nyingi za Masisi hutumia Kiswahili katika ibada kwa sababu ni lugha ambayo hakuna upande unaoweza kuidai kuwa yake peke yake. Lakini kuimba pamoja kwa Kiswahili Jumapili hakukumzuia mtu kuchoma nyumba Jumatatu. Wakristo waliobaki tofauti walikuwa wachache, na walichukiwa na waumini wenzao kabla ya kuchukiwa na mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo walikuwepo, na kazi yao ilizaa matunda ambayo historia ya eneo hili mara nyingi huyaruka. Kuanzia Novemba 1993 hadi Februari 1994, makanisa na mashirika ya kiraia ya Kivu Kaskazini yaliendesha siku za tafakari zilizowakutanisha wazee, wami, vijana na viongozi wa makabila yaliyopigana. Watu walikaa chini, wakataja wafu wao, wakakiri yaliyotendeka, wakakubaliana nani arudi wapi. Mapigano yakatulia. Familia zikaanza kurudi mashambani, masoko yakafunguliwa, na watu waliokuwa wakiogopana wakauziana chumvi na ndizi tena. Amani hiyo ilikuwa changa, lakini ilikuwa ya kweli, na ilipatikana kwa maneno ya watu wenyewe bila jeshi la kigeni.

Julai 1994 ikaja. Baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, karibu watu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma katika siku chache, wakiwemo askari wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika muda wa mwezi mmoja. Parokia na hospitali za makanisa zilijaa, na Wakongomani maskini waligawana walichokuwa nacho na wageni. Lakini wenye silaha walipanda Masisi na kuleta mafundisho ya kuwawinda Watutsi. Makubaliano ya Februari yalivunjika kabla ya kutimiza miaka miwili.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Mokoto, ambayo kila mwenye kutaka kuelewa ushuhuda wa Wakristo wa Masisi anapaswa kuijua. Mokoto ni monasteri ya Watrapisti kando ya maziwa manne madogo ya jina hilo, kaskazini mwa Masisi. Ilianzishwa mwaka 1954 na wamonaki kutoka abasia ya Scourmont nchini Ubelgiji. Maisha ya wamonaki wake yalikuwa sala, ufugaji, kilimo na ukimya. Mwanzoni mwa 1996, Watutsi wa Masisi waliofukuzwa vijijini mwao walianza kukimbilia huko, na wamonaki wakawafungulia. Mamia walilala katika majengo ya monasteri na kanisa lake. Kila aliyepita barabarani aliwaona, na kila siku waliyoendelea kukaa iliongeza hatari kwa wenyeji wao. Wamonaki wangeweza kusema nyumba ya sala haina nafasi, na sababu zingekuwepo: chakula kidogo, usalama wa jumuiya, kanuni za ukimya. Hawakusema hivyo.

Tarehe 12 Mei 1996, siku ya Jumapili, wanamgambo waliivamia Mokoto na kuua makumi ya wakimbizi, wengine ndani ya kanisa. Wamonaki walilazimika kuondoka, na waliosalimika wakatawanyika kuelekea Kitchanga na baadaye Rwanda. Padri Victor Bourdeau, mmoja wa jumuiya hiyo, alikuwa miongoni mwa waliosimulia kwa ulimwengu kilichotokea. Kwa mtazamo wa hesabu, ukarimu wa Mokoto ulishindwa, maana wengi waliopokewa waliuawa. Lakini kazi ya upendo haipimwi kwa matokeo ambayo muuaji ndiye aliyeyaamua. Milango ilifunguliwa kwa watu ambao nchi nzima ilikuwa imeambiwa iwafungie, na wamonaki Waafrika na Wazungu walikubali kupoteza nyumba yao kwa ajili hiyo. Jumuiya iliishi uhamishoni, ikajipanga upya Keshero mjini Goma, na baada ya miaka mingi ikarudi Mokoto.

Mwezi huohuo wa Mei 1996, wamonaki saba wa shirika hilohilo la Watrapisti waliuawa nchini Algeria. Walitoka Tibhirine, kijiji cha Waislamu ambako walitibu wagonjwa, wakashiriki mashamba na majirani, wakakataa kuondoka vita vilipokaribia. Walitangazwa wenye heri mjini Oran tarehe 8 Desemba 2018. Dunia inaifahamu Tibhirine. Sinema imetengenezwa na vitabu vimeandikwa. Mokoto haifahamiki hivyo, na hilo ni upungufu katika kumbukumbu ya Kanisa la Afrika, maana nyumba hizi mbili ziliamua jambo lilelile kwa wakati mmoja: kutowaacha majirani.

Mwaka uliofuata, katika nchi mbili jirani, vijana wa shule walitoa jibu ambalo watu wazima wengi walishindwa kulitoa. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa. Sita walikufa usiku ule. Tarehe 30 Aprili mwaka huo, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, amri ileile ilitolewa kwa waseminari walioamshwa alfajiri. Nao walikataa kutengana, na 40 wakauawa. Watoto hao hawakuwa wametunga hoja ya kiteolojia. Walikuwa wamelala bweni moja, wamekula meza moja na kusali pamoja kwa miezi kadhaa ya malezi yaliyoandaliwa kwa makusudi, na amri ilipokuja iliwakuta tayari ni ndugu. Hilo ni funzo kubwa kwa makanisa ya Masisi: ushujaa wa dakika moja ulijengwa kwa kazi ya miezi.

Kukataa kuchukua upande katika kuua kuna historia ndefu Afrika Mashariki. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950, ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki walizopewa na serikali ya kikoloni ili wajilinde. Walipigwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Askofu Festo Kivengere, aliyeponea chupuchupu kwa kuvuka mpaka, aliandika mwaka huohuo kitabu kilichotangaza katika jina lake kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokerwa nacho. Kivengere hakufuta neno lolote kuhusu uovu wa utawala ule. Alichokataa ni kuiruhusu chuki ya Amin iwe chuki yake.

Upo pia uadui wa namna nyingine, kaskazini zaidi, unaowalenga watu wakiwa katika ibada. Kundi la ADF, lililojifungamanisha na Dola la Kiislamu, lilitega bomu katika kanisa la Kipentekoste la Kasindi, wilayani Beni, tarehe 15 Januari 2023, watu walipokuwa wamekusanyika kwa ajili ya ubatizo; zaidi ya kumi walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waumini waliokuwa wakikesha katika parokia ya Komanda, mkoani Ituri, walivamiwa na zaidi ya arobaini wakauawa. Hapa kishawishi cha Mkristo ni kumgeuzia jirani Mwislamu uso wa kisasi. Lakini Sheikh Ali Amini, aliyehubiri hadharani dhidi ya wauaji hao, alipigwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni tarehe 1 Mei 2021. Waislamu na Wakristo wa Beni wana makaburi ya adui mmoja, na viongozi wao wa dini wamefanya kazi ya kulikumbusha hilo kila baada ya shambulio.

Swali la nani ni shahidi wa imani, pale muuaji anapokuwa Mkristo kama aliyeuawa, limepata jibu la Kanisa Katoliki katika maisha ya kijana mmoja wa Goma. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, OCC. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na muda wake mwingi aliutumia kwa watoto wa mitaani, ambao jumuiya hiyo iliwafundisha kusoma na kuishi kwa amani. Mwaka 2007 shehena ya chakula kilichoharibika ilifika mpakani. Aliombwa aipitishe, akapewa ahadi ya fedha, kisha vitisho. Aliuliza madhara ya chakula kile kwa walaji, akakataa, kwa hoja kwamba imani yake haimruhusu kuyaweka hatarini maisha ya watu. Alitekwa mwanzoni mwa Julai, na mwili wake ulipatikana baada ya siku mbili ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Papa Fransisko aliwatajia vijana mjini Kinshasa habari zake Februari 2023, na Novemba 2024 akaidhinisha kwamba kijana huyo aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, wakati Goma ikiwa chini ya utawala wa waasi wa M23. Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Hakuna aliyemwambia Floribert amkane Kristo. Aliambiwa agonge muhuri. Kanisa lilifuata njia ileile liliyoitumia mwaka 2015 kwa Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa altareni mwaka 1980 katika nchi ya Wakatoliki. Mwenye kuchukia matunda ya imani, yaani ukweli, haki na huruma kwa maskini, huhesabiwa kuwa ameichukia imani, hata kama cheti chake cha ubatizo kiko kabatini. Kwa Masisi uamuzi huo unafungua mlango wa kuangalia upya vifo vingi. Tarehe 8 Aprili 2018, Padri Étienne Nsengiyumva, paroko wa Kitchanga, alipigwa risasi huko Kyahemba, muda mfupi baada ya kuadhimisha misa iliyokuwa na ubatizo na ndoa. Alikuwa amekwenda kwa watu wake mahali ambapo wengi hawakuthubutu kwenda.

Upendo kwa adui hueleweka vibaya pale unapofanywa kuwa jina jingine la kunyamaza. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wakimbizi, akakemea wauza silaha, majeshi na wanasiasa waliochochea kabila, bila kuangalia ni wa upande gani; aliuawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Dokta Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, anayeongoza hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, aliponea jaribio la kuuawa Oktoba 2012; alikuwa amekataa kuwatibu wanawake waliobakwa huku akinyamaza kuhusu waliowabaka. Huko Walikale, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, mamia ya wanawake, wanaume na watoto walibakwa katika vijiji vya barabara inayopitia Luvungi. Mmoja wa viongozi wa makundi yaliyohusika, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Goma Novemba 2020, na hukumu hiyo iliwezekana kwa sababu waathirika walikubali kutoa ushahidi. Kumsamehe mtu na kumpeleka mahakamani ni mambo yanayoweza kufanywa na mkono mmoja. Anayemzuia mwathirika asishtaki kwa kisingizio cha msamaha anamlinda mkosaji.

Msamaha wenyewe, unapokuja, hauna sura ya maneno mepesi. Tarehe 1 Februari 2023, katika ubalozi wa Vatikani mjini Kinshasa, waathirika kutoka mashariki walikutana na Papa Fransisko, aliyekuwa amelazimika kuifuta safari yake ya Goma kwa sababu ya vita. Walisimulia waliyotendewa, mbele ya kamera, kisha wakaweka chini ya msalaba vitu vya mateso yao, yakiwemo mapanga yaliyofanana na yale yaliyowaua ndugu zao. Msichana kutoka Walikale aliyewahi kutekwa na waasi alikuwa kati yao. Walisema wanasamehe. Hakuna hakimu, mwanasiasa wala mhubiri mwenye haki ya kulitamka neno hilo kwa niaba yao, na hakuna mwenye haki ya kulidai kutoka kwa wale ambao bado hawawezi. Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe muuaji wake, Kanali Olombe, papo hapo. Familia nyingine za Kivu zimehitaji miaka ishirini, na zipo ambazo bado ziko njiani.

Zaidi ya maneno kuna huduma, na kwa watu wengi wa Masisi huduma ndiyo sura ya Ukristo wanayoifahamu vizuri zaidi. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, iliyoanzishwa na Dokta Jo Lusi, Mkongomani, na mkewe Lyn, Mwingereza, imewapokea wanawake wa makabila yote wenye fistula na majeraha ya vita, na kupeleka kazi ya upatanisho vijijini kwa kamati zenye watu wa dini na makabila mchanganyiko. Kanisa la Kibaptisti la CBCA, Caritas ya jimbo la Goma na makanisa mengine yamejenga shule na vituo vya afya mahali ambapo serikali haikufika. Muuguzi wa kituo kama hicho hupokea majeruhi wa makundi ya wapiganaji, wa Nyatura leo, wa M23 kesho, wa Mayi-Mayi keshokutwa, na kila upande humtuhumu kwamba ametibu adui. Tuhuma hiyo ni ya kweli.

Viongozi wa makanisa nao walionja shutuma hiyo mwaka 2025. Waasi wa M23 waliteka Masisi mapema Januari na Goma mwishoni mwa mwezi huo. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Waprotestanti wa ECC walikuwa wamezindua mpango wa pamoja wa amani na kuishi vema pamoja katika Kongo na Maziwa Makuu, na tarehe 12 Februari wajumbe wao walikwenda Goma kuzungumza na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa kisiasa wa waasi, kisha wakaenda Kigali. Mjini Kinshasa baadhi ya wanasiasa waliwaita wasaliti. Lakini askofu ana waumini pande zote za mstari wa vita, na kukataa kuongea na upande mmoja ni kuwaacha waumini wa huko. Kwa raia wa Masisi, wanaoishi chini ya yeyote aliyekiteka kilima wiki hiyo, mazungumzo hayo yalikuwa na maana ya karibu kuliko hotuba zote za bungeni.

Mtihani mkubwa wa sasa uko mashambani. Februari 2025, kambi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma zilibomolewa baada ya waasi kuwapa watu saa 72 waondoke. Mamia ya maelfu walibeba turubai na masufuria yao wakarudi kuelekea Sake, Mushaki, Kitchanga na vilima vya ndani. Wengi walikuta nyumba zimebomoka, mabati yameibwa, mabomu ambayo hayajalipuka yamebaki mashambani, au mtu mwingine analima. Anayelima huenda naye alifukuzwa kwingine na hana pa kurudi. Kesi za namna hiyo hazina idadi, na mahakama ni za mbali, za gharama, na mara nyingi hazifanyi kazi.

Kanisa Katoliki la Goma lina chombo cha kushughulikia mambo haya ngazi ya chini kabisa. Waumini wamegawanywa katika mashirika, yaani jumuiya ndogo za familia jirani zinazosali pamoja kila juma, na ndani yake hupatikana watu wa tume ya Haki na Amani. Makanisa ya Kiprotestanti yana kamati zinazofanana. Mgogoro wa shamba unapoletwa, kila upande husikilizwa peke yake kwanza, wazee wanaojua mipaka ya zamani huitwa, kisha wahusika wote hupelekwa shambani ili mpaka uonyeshwe mahali pake. Mara nyingine mavuno yaliyo ardhini huachiwa aliyepanda na udongo humrudia mwenyewe msimu ukiisha. Mara nyingine sehemu hukodishwa kwa bei ndogo. Makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi au alama ya kidole. Kamati haina askari wala jela, kwa hiyo uamuzi wake hudumu pale tu pande zote zinapouamini, na wajumbe huchaguliwa kutoka makabila yote ya kilima ili imani hiyo iwezekane. Mjumbe anayeamua dhidi ya mtu wa kabila lake hurudi nyumbani kwa ndugu waliokasirika, na wiki inayofuata hukaa tena katika kikao.